Nilimlisha Mama Mwamini Nguruwe, Nikasema Hamuna

Nilikosa. Niseme hivyo kwanza, kabla sijaanza kutafuta maneno ya kujiosha. Nilimlisha mama Mwislamu nyama ya nguruwe, mama aliyenizalisha mtoto wangu kwa mikono yake mwenyewe. Mara ya kwanza sikujua. Mara ya pili nilijua. Na nyuma ya hapo nikafanya kitu kibaya zaidi, nitakwambia.

Usinitafute jina. Na huyo mama nitamwita Mama Mwamini, ingawa si jina lake.

Mi ni mwanamke wa Bukavu, Mkristo, nilikuwa naimba kwaya. Nilisoma kwa masista mpaka nikapata diploma. Nasema hii ya diploma si kwa kujisifu. Njo yenyewe ilinimaliza!

Vita ya pili ya Kongo ilinikuta Uvira, kwa mume wangu. Alitoka asubuhi kwenda kutafuta mafuta ya taa, hakurudi. Nilimngojea siku nne. Siku ya tano nikavuka na watu wengine kwenda Kigoma, mimba ikiwa ya miezi saba, na mkononi niko na mfuko mmoja tu. Ndani yake kulikuwa diploma, kitenge kimoja, na sufuria isiyokuwa na kifuniko.

Katika safari ile nilikutana na Mama Mwamini. Alikuwa anauza vitenge kwenye soko la Uvira, mjane, mwili mkubwa, sauti ya kuamrisha. Vita ilikuwa imechukua wanawe wawili wa kiume, na nyumba, na duka. Aliniangalia mara moja tu, akasema, "We, mutoto, huku unaenda na nani?" Nikasema, "Peke yangu, Mama." Akasema, "Basi unaenda na mimi." Hivyo tu!

Kutoka Kigoma tuliendelea kusini kwa lori, na uchungu ulinishika tukiwa tumeshaingia Malawi, upande wa Karonga, pembeni ya barabara, lori limeharibika. Mama Mwamini alifukuza wanaume wote, akazungushia vitenge kwenye miti. Nililia sana. Akanipiga kofi la paja. "Sukuma, we! Hii si saa ya kulia!" Alikuwa na wembe mpya, haujafunguliwa, alioufunga kwenye pindo la kitenge tangu Uvira. Njo ulikata kitovu cha binti yangu.

Sasa unaelewa nilimkosea nani.

Tulipofika Dzaleka, kambi ya wakimbizi, tulijenga nyumba za matofali ya udongo, yake na yangu, ukuta mmoja katikati. Nikikohoa ananisikia. Akisali namsikia. Tulikula sahani moja, lakini sahani ile ilikuwa na sheria zake. Mama Mwamini alikuwa mwangalifu wa chakula kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Njiani, watu walipogawiwa nyama ya kopo, yeye alichoma mahindi. Alisema, huku ni ugenini, hatujue mikono iliyopika, hatujue kisu kilikata nini jana.

Shida ni kwamba hakujua kusoma. Na Dzaleka vitu vilikuja na maandishi: biskuti, siagi, mafuta ya kupikia, makopo, vyote kwa Kingereza. Basi akiokota paketi yoyote, anakuja nayo kwangu.

"Soma, mutoto yangu. Mule iko na ile kintu?"

Hakuitaja kwa jina. Siku zote "ile kintu."

Nami nasoma. Jamani, kusoma gani kule! Mi nilisoma kwa Kifaransa. Kingereza changu kilikuwa cha kuomba maji na kusema asante. Lakini maneno mengine yanafanana na ya Kifaransa, basi naokota moja hapa, moja pale, yanayobaki nayaruka. Kisha nasema kwa sauti ya mwalimu, "Hamuna, Mama. Kula." Sikusema hata siku moja, "Hili neno silijue." Kinywa kilikataa. Nilikuwa nimepoteza mume, kazi, mji. Kuitwa mtu wa masomo njo heshima iliyobaki kwangu.

Tena yeye alinitangaza. Akina mama Waislamu wa upande wetu, wa Uvira, wa Fizi, wa Bujumbura, wakaanza kuja kwangu na paketi zao. "Mama Mwamini anasema we unasoma yote." Nikawa nakaa mlangoni sawa na karani wa serikali kule Capital Hill, paketi zinapita, natoa hukumu. Hii kula, hii kula, hii acha. Kuna zile nilizosema "acha" ili tu nionekane najua!

Nikapata kazi Lilongwe, kwa mama mmoja mzungu mwenye nyumba karibu na City Centre. Nilikuwa nafua na kupiga pasi. Nakaa huko siku za kazi, mtoto namwachia Mama Mwamini, Ijumaa nashuka Lumbadzi, napanda tena kurudi kambini. Mwaka haukuisha, yule mzungu akaitwa kwao. Alipoanza kufunga mizigo alinipa vitu vya kabati lake la jikoni. Kati yake zilikuwamo supu za unga, paketi sita, zile za kukoroga na maji ya moto. Juu kuna picha ya njegere za kijani na bakuli inatoa moshi.

Nilizipeleka kwa Mama Mwamini zote sita. Alifurahi sana. Akageuza moja huku na huku.

"Soma."

Nikasoma. Neno la kwanza nililiweza, kwa sababu ya picha. "Ni njegere, Mama."

"Na hii nyingine?"

Iliandikwa kwa herufi kubwa: HAM. Nililiangalia neno lile. Sikuwahi kulisikia. Kwa Kifaransa halipo. Mama Mwamini ananingojea, na jirani mwingine amesimama pale na mtoto mgongoni, naye ananingojea.

Nikasema, "Hiyo ni jina ya fabrique, ya kiwanda. Kule banaitengenezea."

"Aaa, fabrique," akasema Mama Mwamini, akamgeukia yule jirani. "Unaona faida ya masomo?"

Kesho yake alipika mbili. Tulikula pamoja na bugali. Alilamba kijiko.

Jumatatu nikarudi Lilongwe kumalizia kufunga mizigo. Mpishi wa pale alikuwa Mmalawi, mtu mzima, mpole, tulimwita Bambo Phiri. Saa sita alikuwa anakata nyama laini ya rangi ya waridi, anaiweka katikati ya mkate. Nikamuuliza tu, kwa kupitisha muda, hii nyama gani.

"Ham," akasema.

"Ham?" nikauliza.

"Nkhumba, amayi." Akaona sijaelewa, akaweka kisu chini, akakunja pua kwa vidole, akakoroma mara mbili. Kisha akacheka.

Mi sikucheka.

Nilikaa wiki nzima najisemesha. Nikifika nitamwambia. Nitapiga magoti. Nitasema, Mama, nilikosea, Kingereza sikijue. Ni maneno manne tu! Nilipofika Ijumaa, nikamkuta uani ameketi na wenzake wanachambua maharagi, na kabla sijatua mfuko akaanza kunisifu. "Huyu njo macho yangu," aliwaambia. "Bila huyu, ningekula uchafu siku nyingi."

Utasema nini hapo? We ungesema nini? Mi nilisema, "Karibuni, nimewaletea sabuni."

Nikajipa sababu. Nilijiambia: alikula bila kujua, Mungu wake hatamhesabia. Nikimwambia nitamuumiza bure. Zile nne zilizobaki nitaziiba kwenye sanduku lake nizitupe chooni, mambo yaishe. Lakini sanduku lake lilikuwa na kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni.

Nyuma ya hapo malaria ikamshika. Si malaria ya siku mbili. Alikauka mwanamke yule, mwili wote ule mkubwa ukaisha, mashavu yakaingia ndani. Posho ilikuwa imechelewa. Uji alitapika, bugali hakutaka kuona, mayai alikataa. Kule kliniki walisema dawa bila chakula itamwangusha. Nilishinda pembeni ya mkeka wake nikimpangusa.

Siku moja, jua likiwa juu, akafungua macho. "Nakumbuka ile supu yako. Ile ya njegere. Ile ningeweza."

Akavua ufunguo shingoni, akanipa mimi mwenyewe.

Nilienda kwenye sanduku. Nikachukua moja. Nikasimama nayo pale nikiangalia lile neno. Sasa nilikuwa nalijua vizuri sana! Nilichemsha maji. Nilikoroga. Nilipoleta bakuli, akanishika mkono kabla sijamnywesha. Hata katika homa ile, aliuliza.

"Uliisoma muzuri? Hamuna ile kintu?"

"Nimesoma, Mama. Hamuna."

Akasema bismillahi. Akafungua kinywa. Nikamlisha, kijiko baada ya kijiko, mpaka bakuli likaisha. Na haikutapikwa. Kesho yake aliketi. Kesho kutwa aliomba uji. Watu wakasema, ile supu ya mtu wa masomo imemfufua.

Nilijisifu moyoni, nisikufiche. Nilijiona nimemlipa deni la Karonga. Uongo wangu niliuvalisha nguo ya upendo, na ikaukaa vizuri.

Ramadhani ikaja. Mama Mwamini, amepona, akasema atafuturisha wenzake siku moja kwa kumshukuru Mungu. Alinialika na mimi, Mkristo, nikae mbele kama binti wa nyumba. Nilichelewa kufika kwa sababu ya mtoto. Nilipoingia uani jua lilikuwa linazama, akina mama kama kumi wameketi kwenye mikeka, mihogo imechemshwa, chai ya tangawizi ipo. Na kwenye jiko kuna sufuria kubwa. Nikasikia harufu yake.

Mungu wangu! Zile supu tatu. Alikuwa amezitunza kwa siku ile. Alizikoroga zote na viazi ili zitoshe watu.

Nisikilize hapa. Nilikuwa na nafasi. Adhana ilikuwa haijalia. Hakuna aliyekuwa ameonja. Ningeweza kujikwaa, nikaangusha sufuria yote! Ningeweza kumvuta Mama Mwamini nyuma ya nyumba nikamwambia kwa sikio. Nilikaa. Nilikuwa nimevaa kitambaa kichwani, alichonipa yeye kwa siku ile, nikakaa sawa na jiwe. Adhana ikalia. Wakakata mfungo kwa mihogo na chai. Wakapokea mabakuli. Wakanywa.

Alikuwepo msichana mmoja Mrundi, Zubeda, wa Buyenzi. Alikuwa anafuata masomo ya Kingereza kambini. Akasifia supu. "Mama, hii supu inaitwaka je? Nami nitaitafuta." Mama Mwamini, kwa furaha, akamwonyesha paketi tupu karibu na jiko, akasema, "Soma mwenyewe, we unayesoma."

Zubeda akaisoma. Akaisoma tena. Akaiweka karibu na moto aone vizuri.

"Mama. Hii ni nguruwe."

Kisha mmoja akatema. Mwingine akakimbia ukutani akajitia kidole kooni. Watoto wakaanza kulia bila kujua wanalilia nini. Mama Salima, mkubwa kuliko wote pale, akasimama na bakuli mkononi. "Mwamini! Siku ya mfungo! Umetulisha nini?"

Mama Mwamini akanigeukia mimi. Aliniangalia muda mrefu. Sijui aliona nini kwenye uso wangu. Nadhani aliona yote.

Kisha akawageukia wenzake akasema, taratibu, "Muniachie huyu mutoto. Alisoma Kifaransa. Kingereza hakijue. Alikosea tu."

"Ni kweli, we?" Mama Salima akaniuliza. "Ulikuwa haujue?"

Nikasema, "Njo vile. Sikujua."

Alinifungulia mlango wa kutorokea na nikatoroka! Nikamwacha yeye ndani.

Maana lawama ilimwangukia yeye. Mi ni Mkristo, nguruwe kwetu ni kitoweo, wakasema nitajua wapi uchungu wake? Lakini Mwamini, mtu mzima, kwa nini aliamini karatasi ya watu wa nje? Yeye njo alikuwa mpishi wao kwenye maulidi na matanga. Walimtoa kwenye masufuria. Hawakumtukana, walimtoa tu, wakamweka mwingine. Vitumbua vyake alivyouza asubuhi vilianza kubaki mpaka jioni.

Asubuhi ya pili nilisikia chuma kinasuguliwa. Nikachungulia. Alikuwa ametoa vyombo vyake vyote nje, sufuria, mabakuli, vijiko, na ndoo ya maji na beseni lenye udongo. Kwao chombo kilichoguswa na nguruwe kinaoshwa mara saba, na moja yake kwa udongo. Aliosha kimoja kimoja, anahesabu kwa sauti ili wapitao wasikie. Moja. Mbili. Tatu. Mikono yake ilikuwa bado haina nguvu kwa sababu ya ugonjwa. Na sufuria yangu ile isiyo na kifuniko ilikuwemo, aliiosha nayo.

Pale njo nilivunjika. Nikatoka, nikapiga magoti kwenye matope ya udongo ule, nikamwambia yote. Fabrique. Bambo Phiri. Ile siku ya homa. Ile jioni, kwamba niliisikia harufu tangu mlangoni.

Hakuacha kusugua mpaka nilipomaliza. Kisha akaweka sufuria chini.

"Ile siku ya homa," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Mama. Niliogopa utakufa."

"Dini yangu inamuhurumia mutu wa kufa. Hata ile kintu, kama hakuna kingine, Mungu anasamehe. Ungeniambia, pengine ningekunywa. Pengine ningekataa. Lakini ningesema mimi." Akajigonga kifua. "Mimi!"

Nikalia. Akaendelea, sauti chini sana.

"Bale ba bunduki balininyang'anya batoto na nyumba. Balikuya na makelele, nikabasikia. We ulikuya na kijiko, mutoto yangu. Ukaniambia nifungue mudomo."

Maneno yale nimeyabeba tangu siku ile.

Nilienda kwa Mama Salima na wenzake, nikasema ukweli mbele yao. Wengine walimrudia Mama Mwamini, wakamwomba radhi. Wengine walisema Mama Mwamini naye ana lawama, maana jioni ile alinilinda mimi, binti wake. Kwenye masufuria hakurudi, mwenyewe alikataa.

Na mimi hakunifukuza. Ingekuwa afadhali! Tulisalimiana kila asubuhi. Binti yangu alicheza kwake, alimsuka nywele, alimfunza nyimbo za Uvira. Lakini kitu chochote kilichopita kwenye mkono wangu hakukila tena. Hata maji. Nikimkaribisha, anasema, "Aksanti, nimeshiba," na najua hajala tangu jana. Paketi zake alipeleka kwa Zubeda, nyumba ya tisa, akipita mbele ya mlango wangu.

Nilijifunza Kingereza, sasa, kwa hasira. Nilimfuata Bambo Phiri mpaka kwa tajiri wake mpya, akanieleza moja moja: kuna mafuta ya nguruwe yanayowekwa kwenye biskuti, kuna ile gelatini ya kwenye peremende ambayo mara nyingi inatoka kwenye ngozi na mifupa ya nguruwe, kuna bekoni ya kunukiza maharagi ya kopo. Nikaandika kwenye daftari, nikampa Zubeda awasomee akina mama. Alishukuru. Kisha akakaa mbele yangu na kamusi, akahakikisha kila neno yeye mwenyewe. Sikumlaumu.

Mama Mwamini aliondoka Dzaleka vita vikiwa havijaisha vizuri. Mdogo wake alipatikana Kigoma, akatuma watu wamchukue. Asubuhi ya safari nilimpelekea chakula cha njiani: chapati nilizopika kwa mafuta aliyoyanunua yeye mwenyewe, na chane la ndizi, na karanga zenye maganda. Alinikumbatia. Alimbeba binti yangu, akamlilia shingoni. Kisha akachukua ndizi, akachukua karanga. Chapati alizirudisha mkononi mwangu, akazifunika vizuri na kitambaa zisipate vumbi.

Ndugu yangu, dada yangu, wewe uliye ugenini na unasomea wengine, unapikia wengine, unatafsiria wengine hospitalini au dukani: kama neno hulijui, sema hulijui. Haikuondolei heshima. Na kama unalijua, usimfichie mtu eti unampenda. Mwulize muuzaji, mwulize mpishi, mrudishie mwenyewe aamue. Ukishakosea, sema siku ile ile, kabla bakuli halijafika kinywani mwa mwingine. Mi nilingoja wakati mzuri wa kusema. Wakati huo hauji, wanakuja watu kumi na njaa yao, wanaketi, wanakuamini, wanakula.